Picha nazo zina daraja: Maonyesho ya sanaa yanaifunza nini Pemba?

MKULIMA wa karafuu wa Pemba anapofikisha gunia lake kwenye kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), mambo matatu huamuliwa mbele ya macho yake: uzito, daraja na bei. Karafuu iliyochumwa kwa wakati, ikachambuliwa makonyo na kuanikwa vizuri juani juu ya majamvi, huingia daraja la juu. Iliyonyeshewa na mvua, au iliyochanganyika na makonyo, hushuka. Mkulima anaweza kulalamika kwamba bei ni ndogo, lakini hawezi kusema hajui mzigo wake umepimwa kwa kigezo gani.

Mchoraji wa kisiwa hicho hicho hana mzani wa aina hiyo. Picha aliyoifanyia kazi siku mbili anaweza kuiuza kwa shilingi 60,000 kwa mgeni wa kwanza na kwa 25,000 kwa wa pili, kwa sababu tu wa pili alijua kubishana au ndiye mteja pekee wa wiki nzima. Hakuna anayejua picha hiyo ni ya daraja gani, wala nani aliyeipanga.

Katika biashara ya sanaa duniani, kazi ya mzani hufanywa kwa sehemu kubwa na maonyesho. Watu wengi huyachukulia maonyesho ya picha kuwa sherehe ya kukata utepe, kunywa juisi na kupigana picha. Kiuchumi, ni kituo cha kupangia madaraja. Swali kwa Pemba, yenye vijana wanaochora na akina mama wanaosuka mikeka ya rangi kwa ustadi mkubwa, ni kama jambo hilo linalipa, na nani hasa linamlipa.

Makopo 32 ya supu

Mfano unaoeleweka zaidi unatoka Marekani. Julai 1962, ukumbi wa Ferus mjini Los Angeles ulitundika picha 32 za mchoraji Andy Warhol. Zote zilikuwa za makopo ya supu ya Campbell's, kila moja ikionyesha aina yake ya supu. Hii ndiyo sanaa iliyokuja kuitwa ya pop, yaani sanaa inayochukua vitu vya dukani, matangazo na katuni, vitu ambavyo kila mtu anavijua, na kuviweka ukutani kama vile ni mandhari au sura ya mfalme.

Bei ilikuwa dola 100 kwa picha. Wanunuzi walikuwa wachache sana, na wapo waliocheka. Mwenye ukumbi, Irving Blum, akaona ni bora picha zote zibaki pamoja. Akawarudia wale wachache waliokwisha kuahidi kununua, akazikusanya tena, na akamlipa Warhol dola 1,000 kwa zote 32, kwa awamu. Mwaka 1996 mkusanyiko huo ulikwenda katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York kwa takriban dola milioni 15.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba maonyesho yenyewe, kama siku ya soko, yalikuwa hasara. Kilichozalishwa pale ni kumbukumbu: tarehe, mahali, idadi ya picha, jina la mchoraji na mtu aliyekuwa tayari kuzitunza. La pili ni kwamba thamani hiyo ilipopanda, iliingia mfukoni mwa aliyezishika picha. Warhol, aliyefariki mwaka 1987, alikwisha kupata dola zake 1,000. Alitajirika kwa picha nyingine, kwa kuwa jina lilikuwa lake na aliendelea kuchora.

Mkulima wa karafuu anaielewa hali hii bila kufundishwa. Anayeuza karafuu mbichi mtini kwa sababu ana shida ya fedha hapati bei ya anayekausha, na anayekausha hapati bei ya aliye na ghala.

Lilanga: jina la mtu mmoja

Tanzania nayo ina mchoraji ambaye wahakiki wengi wamemweka karibu na sanaa ya pop. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi, alianza na uchongaji kama wenzake wengi wa kabila hilo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alifika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Kikatoliki, Sista Jean Pruitt. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ulinzi wa usiku.

Alipopata nafasi ya kuchora, mashetani wa vinyago vya Kimakonde walihama kutoka kwenye mpingo wakaingia kwenye karatasi, vitambaa vya batiki, mbao na turubai. Ni viumbe wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wakicheza ngoma, wakigombana, wakipanda basi au wakipeana dawa. Rangi zake ni kali, mistari yake ni minene, na hakuna nafasi tupu. Mwaka 1978 kazi zake zipatazo 100 zilikuwemo katika maonyesho ya wasanii wa Afrika mjini Washington. Baadaye watu wengi walimlinganisha na Mmarekani Keith Haring, mchoraji wa pop aliyepata umaarufu miaka ya 1980 kwa vibonzo vyake vinavyocheza.

Kwa mtazamo wa biashara, Lilanga alikuwa na jambo ambalo wachoraji wengi hawana, nalo ni bidhaa za madaraja tofauti. Mchoro wa wino kwenye karatasi ulikuwa wa mteja mwenye fedha kidogo, batiki ya mteja wa kati, na picha kubwa au kinyago cha rangi kwa mkusanyaji. Haring alifanya jambo linalofanana na hilo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1986 alifungua duka New York, aliloliita Pop Shop, akiuza fulana na beji zenye michoro yake huku picha zake kubwa zikiendelea kuuzwa katika kumbi. Mteja wa fulana hakuwa adui wa mteja wa picha. Alikuwa anatangaza jina.

Hata hivyo, jina la mtu mmoja lina hatari yake. Kisukari kilimdhoofisha Lilanga, akakatwa miguu, na katika miaka yake ya mwisho kazi nyingi zilitoka katika karakana aliyofanya kazi na wasaidizi. Alifariki mwaka 2005. Kwa kuwa hakukuwa na daftari kamili la kila kazi iliyotoka mikononi mwake, soko lilijaa picha zenye mtindo na saini yake ambazo mnunuzi hawezi kujua kwa yakini ni zake, za wasaidizi au za kughushi. Mnunuzi mwenye shaka hupunguza bei, na hasara hiyo huzifikia hata picha halali. Ni sawa na gunia moja la karafuu lililochanganywa makonyo, linalomfanya mnunuzi alitilie shaka shehena nzima.

Tingatinga: jina la wote

Njia ya pili ni ya Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyo wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi ya kuezekea dari na rangi ya baiskeli, vitu ambavyo fundi yeyote wa mtaani angeweza kuvinunua. Picha za wanyama na ndege ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wageni na maofisa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Kilichofuata ni jambo la nadra. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora kwa mtindo ule ule na kwa jina lile lile, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Jina la mtu likawa jina la bidhaa, kama vile watu wanavyosema karafuu ya Zanzibar. Mamia ya familia zimekula kwa rangi hiyo, na leo picha hizo zinauzwa kuanzia Oyster Bay hadi vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, na fukwe za Nungwi.

Lakini jina lisilo na mlinzi huwa kama shamba lisilo na uzio. Yeyote anaweza kuchora twiga wa mtindo huo na kumwita Tingatinga. Vipindi vya katuni vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, vilibeba jina na mtindo huo hadi kwa watoto wa nchi nyingi. Na kwenye vibanda vya watalii, picha kumi zinazofanana huning'inia kwa pamoja, kila muuzaji akimshushia mwenzake bei. Zimekuwa bidhaa ya jumla.

Njia hizi mbili zinaonyesha tatizo lile lile kwa pande tofauti. Lilanga alikuwa na jina lenye bei kubwa lakini daftari halikutosha. Tingatinga wana daftari la ushirika, lakini jina limetoka nje ya mikono yao. Karafuu ya Pemba, pamoja na malalamiko yote ya wakulima, ina vyote viwili: jina la pamoja na daraja kwa kila gunia.

Hesabu ya maonyesho

Je, kijana wa Chake Chake au Wete akiamua kufanya maonyesho, hesabu inasemaje? Mfano ufuatao ni wa kukadiria tu, na kila mchoraji anaweza kubadilisha tarakimu kulingana na hali yake.

Tuseme picha moja ya sentimita 60 kwa 60 inahitaji ubao wa shilingi 15,000, rangi na brashi za 10,000, na siku mbili za kazi zenye thamani ya 30,000. Gharama ni 55,000. Akiiuza barabarani kwa 60,000 anabakiwa na faida ya 5,000, na imekwisha.

Sasa tuseme anatundika picha 20 ukumbini kwa bei ya 200,000 kila moja. Gharama za kuchora ni shilingi 1,100,000. Fremu za 20,000 kila moja ni 400,000. Usafiri, mialiko, taa na kijitabu cha maelezo ni 300,000. Jumla ni 1,800,000. Ukumbi unachukua nusu ya mauzo, kiwango ambacho ni cha kawaida kwa kumbi nyingi za Ulaya na Marekani. Zikiuzwa picha nane, mchoraji anapata 800,000. Ana upungufu wa milioni moja, na picha 12 mkononi.

Ili arudishe gharama zake zote anapaswa kuuza picha 18 kati ya 20, jambo ambalo ni gumu hata kwa wenye majina. Lakini ukumbi ukichukua asilimia 30 badala ya 50, picha 13 zinatosha. Wachoraji watano wakichangia maonyesho kwa picha nne kila mmoja, hasara ya kila mtu inapungua hadi kiwango kinachobebeka. Na wakiweka mezani kadi na nakala ndogo zilizochapwa kwa bei ya 5,000 au 10,000, mgeni asiye na uwezo wa 200,000 hataondoka mikono mitupu.

Fundisho la hesabu hii ni kwamba maonyesho ya kwanza hayafanani na siku ya mavuno. Yanafanana na kupanda mkarafuu. Mche wa mkarafuu unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa karafuu za kuuza, na anayeupanda huku akitegemea fedha yake mwaka huo huo atakata tamaa na kuung'oa. Ndiyo maana mchoraji hapaswi kukopa kwa riba ili atundike picha. Fedha ya maonyesho inafaa itoke kwenye akiba, kwenye michango ya kikundi au kwa mfadhili asiyedai marejesho.

Mnunuzi mmoja ni hatari

Pemba inalijua jingine ambalo wachoraji wengi walijifunza kwa uchungu. Kwa miaka mingi mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, iliyozihitaji kwa ajili ya sigara zake za kretek. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilipanda mikarafuu ya kutosha hadi ikajitosheleza. Bei ikaporomoka, na mashamba mengi ya Pemba yakaachwa bila kupaliliwa.

Wachoraji wanaotegemea watalii pekee wako katika hali ile ile. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa corona, idadi ilishuka hadi takriban 260,000. Vibanda vya picha vilikosa wateja kwa miezi, na mwenye picha 50 ndani hakuweza kuzila wala kuzirudisha kiwandani.

Aidha, wageni wa Pemba ni wachache mno kuliko wa Unguja, na wengi hufuata kuzamia na utulivu wa hoteli za pembezoni. Kwa mantiki hiyo, mchoraji wa Pemba hawezi kushindana kwa wingi wa picha za twiga, mnyama ambaye hata kisiwani hayupo. Anaweza kushindana kwa kile ambacho hakichorwi kwingine: uchumaji wa karafuu, popo wa Pemba, mchezo wa ng'ombe na mashua za mkondo wa Pemba. Wateja wake pia wasiwe watalii tu. Benki, ofisi, hoteli, shule na Wapemba wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa na Oman wana kuta, na wengi wao wangependa kuona nyumbani kwao kwenye kuta hizo.

Sheria na mauzo ya pili

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyotoa msingi wa Jumuiya ya Hakimiliki Zanzibar (COSOZA). Kwa sheria za aina hii, kumuuzia mtu picha si kumuuzia haki ya kuichapa kwenye fulana, kalenda au kikombe. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji mpaka aitoe kwa maandishi. Wachoraji wengi hawalijui jambo hilo, na wengine husaini karatasi ya ukurasa mmoja inayotoa kila kitu kwa bei ya picha moja.

Kuna pia suala la mauzo ya pili, lile lililojitokeza katika makopo ya supu ya Warhol. Ufaransa ilianzisha mwaka 1920 haki ya msanii kupata sehemu ya fedha kila kazi yake inapouzwa tena. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa kanuni ya nchi zote wanachama kupitia agizo la mwaka 2001: msanii au warithi wake hupata hadi asilimia 4 ya bei, na kiasi kisichozidi euro 12,500 kwa mauzo mamoja. Kwa raia wa nchi za nje, kanuni ya jumla ni kwamba wananufaika pale tu nchi zao zinapotoa haki kama hiyo kwa wasanii wa Ulaya. Watunga sera wa Tanzania Bara na Visiwani wanapaswa kulitazama jambo hilo kwa jicho la biashara, kwa kuwa picha za Watanzania tayari ziko katika minada na makusanyo ya Ulaya.

Pa kuanzia

Kuanza hakuhitaji jengo jipya. Chake Chake kuna ngome ya kale inayotumika kama makumbusho ya kisiwa, mahali ambapo wageni na wanafunzi hufika hata bila kualikwa. Maonyesho ya wiki mbili, yakipangwa msimu wa karafuu ambapo fedha huzunguka kisiwani, yangewakuta wateja wakiwa na uwezo.

Kabla ya kutundika picha ya kwanza, kikundi kinahitaji daftari. Kila picha ipewe namba, tarehe, kipimo, vifaa vilivyotumika, jina la mchoraji, bei na jina la mnunuzi, na nyuma ya picha iandikwe namba hiyo hiyo pamoja na saini. Nakala ya daftari ihifadhiwe mahali pengine, kwa mfano kwenye ofisi ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU). Gharama yake ni bei ya daftari na kalamu, ilhali kukosekana kwake ndiko kunakozitia shaka picha za Lilanga hadi leo.

Pili, kikundi kiweke madaraja yake na kuyaheshimu: picha za ukumbini zisizorudiwa, picha za kawaida, na nakala zilizochapwa zenye idadi inayojulikana. Picha ya daraja la kwanza ikikosa mteja, irudi nyumbani. Ikiuzwa ufukweni kwa bei ya kutupa, mnunuzi wa jana aliyelipa 200,000 atakuwa amedhulumiwa na hatarudi.

Tatu, wasusi wa mikeka wasiachwe nje ya ukuta. Mpangilio wa rangi katika mkeka wa Pemba ni mchoro kamili, na tofauti yake na picha ni kwamba soko limezoea kuukalia. Mkeka uliotundikwa, wenye jina la aliyeusuka na namba ya daftari, huacha kupimwa kwa bei ya jamvi la kuanikia karafuu.

Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Mlango umefunguka, na watakaoufaidi ni wachoraji wanaoweza kuonyesha walichora nini, lini, na kimepita mikononi mwa nani. Wakulima wa Pemba wanajua umuhimu wa kupewa risiti kituoni. Wachoraji wao nao waanze kuziandika.